Mita Mbili na Shubiri

Pale Nyawera, dukani kwa Cirimwami,
kuna keria ya alumini ingali ndani ya plastiki yake,
nyeusi, bapa, nyepesi kama ungo,
na kijana wa duka anainyanyua kwa mkono mmoja
ili nione.
Naona.
Naona na bei: dola mia sita na hamsini,
haipungui, anasema, hata uje na mchungaji wako.

Anasema haipigi mluzi gari likienda kasi.
Kasi ipi, mwanangu?
Kutoka hapa hadi Nyangezi upepo wenyewe hunipita,
ukaenda kunisubiri darajani.

Anasema imepimwa kiwandani: kilo sabini na tano, basi.
Nikapiga hesabu kichwani.
Gunia moja la unga, mbuzi mmoja aliyekonda,
na hapo sijampandisha mwenye mbuzi.

Nikapanda Kadutu.
Fundi Zihalirwa huchomelea ukingoni mwa mtaro,
miwani ya jua ndiyo kinga yake,
macho mekundu tangu ujana.
Umeme ulikuwa umekatika,
kwa hiyo alikuwa na muda wa kunisikiliza.
Aligonga paa la Landkruza kwa kifundo cha kidole
kama daktari agongavyo kifua cha mtoto,
akapitisha ukucha ukingoni mwa bati,
pale miguu ya keria itakapouma.
"Kutu imeshaanza. Miguu minne italichana.
Nitakuwekea minane."

Ni ya chuma, itakuwa nzito.
Itakula mafuta, itapiga mluzi,
italia machozi ya kutu kwenye vioo
kabla ya mvua za pili.
Yote hayo aliniambia mwenyewe,
akikuna kidevu kwa kipande cha bomba.

Kisha akavuta utepe.
"Kitu kirefu kuliko vyote utakachobeba ni nini?"
Nikasema mbao.
Nikasema mabomba ya maji ya parokia.
Nikasema ngazi.
Akanitazama tu, utepe ukining'inia.

Ndipo nikamwambia habari za Byamungu,
shemeji yangu, mrefu kama mkaratusi.
Tulimrudisha kwao Kaziba
juu ya keria ya kuazima, fupi, ya maonyesho.
Jeneza lilitokeza mbele, juu ya kioo,
shubiri tatu nzima.
Saa nne niliendesha chini ya miguu yake.
Kila shimo, ubao ulishuka machoni pangu, ukapanda,
ukashuka, ukapanda,
kama mtu anayekubali jambo.
Dada yangu Nabintu alikaa kando yangu, kimya.
Kwenye kona za mwisho akashusha kioo,
akatoa mkono, akaweka kiganja juu ya paa,
akakiacha huko
mvua ikimwingia hadi kwapani.

Zihalirwa hakusema pole.
Alisema: "Alikuwa na urefu gani?"
Nikainua mkono juu ya kichwa changu,
nikauinua tena kidogo.
Akaandika kwa chaki kwenye boneti: mita mbili.
Akatazama. Akaongeza: na shubiri.
"Siku nyingine zote," akasema, "ni za mbao
na mbuzi."

Umeme ukarudi. Kadutu nzima ikapiga ukelele,
redio kumi zikaanza katikati ya sentensi.
Akashusha miwani.
Nikageuza uso, kama tulivyofundishwa utotoni,
lakini mwanga niliuona ukutani,
kivuli changu kikiruka na kurudi.

Dola mia na arobaini, nusu mkononi.
Rangi iliyokuwepo ilikuwa ya kijani.
Nabintu akasema: watatudhania wanajeshi.
Nikatafuta nyeupe.

Mzigo wa kwanza, Jumamosi:
magodoro tisa ya bweni la Nyangezi,
hayana uzito wa kutajwa.
Na kweli, hata kwa mwendo wetu wa kobe,
tulipofika darajani
ikapiga mluzi.